Samaki wamekufa, na watoto je?

Mhariri, naomba nafasi niongelee maji ya visima huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam. Juzi nilibadilisha maji ya tangi la samaki wa mapambo kwa maji ya kisima, asubuhi nawakuta wote wako juu wanahema midomo wazi, mchana wameshakufa, na maji hayohayo ndo tunamkorogea mtoto maziwa ya kopo! Kisima kiko hatua chache tu toka chooni.

Watu wanasema chemsha, sawa, vijidudu vinakufa ila nitrati, kemikali inayotokana na uchafu wa chooni, haitoki, na ikizidi miligramu 50 kwa lita, kiwango cha WHO, kichanga anaweza kukosa oksijeni akabadilika midomo kuwa bluu. Serikali ya mtaa ilete wataalamu wapime kila kisima, majibu yabandikwe palepale kisimani.