Kupiga kopi si uvivu

Mhariri,

Kila mwanamuziki akiimba wimbo wa mwenzake, hatukosi wa kumwita mvivu aliyeishiwa tungo. Mimi niliwahi kupiga gitaa la besi kwenye bendi. Wanaosema hivyo nadhani hawajawahi kukaa na wimbo wa mtu, wakaufumua uzi kwa uzi na kujaribu kuufuma tena.

Ni shule hiyo. The Beatles, bendi ya Uingereza ambayo leo inasifiwa kwa utunzi, ilipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1963, nyimbo 6 kati ya 14 zilikuwa za watu wengine. Walikuwa wametoka kwenye kumbi za Hamburg, Ujerumani, ambako bendi zilikuwa zikipiga saa nyingi kila usiku. Tungo zako huisha mapema, na ukumbi nao unataka unachokijua.

Lakini wapo wanaorudia kwa sababu wimbo wenyewe una jambo ambalo bado halijasemwa. Mwimbaji wa Marekani Otis Redding alitoa "Respect" (Heshima) mwaka 1965, akiimba kama mwanamume anayedai heshima arudipo nyumbani. Mwaka 1967 mwimbaji mwenzake Aretha Franklin akaugeuza: anayedai sasa ni mwanamke, tena anaitamka ile heshima herufi kwa herufi, kitu ambacho Redding hakukiimba. Sehemu kubwa ya maneno ni yale yale, ila kinywa si kile. Nani leo akiusikia anamkumbuka Redding kwanza?

Swali la haki za mtunzi ndilo zito, nakubali. Mwimbaji na mtunzi Dolly Parton ameeleza kwamba Elvis Presley alitaka kuuimba "I Will Always Love You", wimbo ambao Dolly aliutunga na kuutoa mwaka 1974, lakini meneja wa Elvis akadai nusu ya haki za utunzi. Dolly alikataa, na anasema alilia usiku ule. Whitney Houston alipouimba mwaka 1992 ukavuma dunia nzima, mirabaha ya mtunzi ikaenda kwa Dolly mwenyewe. Hapo aliyeibiwa ni nani?

Anayenikera mimi ni yule anayeiga kila kitu, hata pale mwenye wimbo alipovuta pumzi, kisha anashuka jukwaani bila kumtaja mtunzi. Huyo mwiteni mtakavyo, sitamtetea.

Mpiga besi mstaafu