Barua ya Bangili Iliyoliwa

Shosti wangu wa miaka yote,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na kasuku wako naye mzima, bado anakatiza simu za watu kwa mluzi. Mimi sijambo. Besi, paka wangu, hajambo pia sasa, na hiyo "sasa" ndiyo iliyonikalisha chini leo niandike, maana nyuma yake kuna habari ndefu ambayo sikukupa hata nusu.

Siku ya tamasha nilikutumia maneno manne: "Paka anaumwa, siji leo." Wewe ukajibu neno moja: "Sawa." Tangu hapo zimepita wiki tatu, tunatumiana picha za kuchekesha kama watu waliojuana ndani ya basi. Nakujua vizuri. Ukikasirika kidogo unagomba. Ukikasirika kweli unakuwa na adabu. Ningeweza kupiga simu, lakini ungenikatiza katikati na kusema yamekwisha, nami najua hayajaisha. Kwa hiyo soma mpaka chini ndipo useme.

Nianzie kwenye shanga.

Tulikubaliana bangili nitengeneze mimi. Wewe ulikwisha kukaa kwenye foleni ya tiketi mtandaoni asubuhi nzima, ukitazama kile kimstari kinachotambaa kama konokono, unaogopa hata kwenda msalani, basi haki ilikuwa kazi ya vidole iniangukie mimi. Nilipanga bangili arobaini. Mtindo wenyewe unajua ulikotoka: ni ile ziara ya Eras ya Taylor Swift, iliyoanza Machi 2023 na kumalizika Desemba 2024 baada ya maonyesho 149, na sasa mashabiki wa wasanii wengine nao wameudaka. Unajaza mkono bangili za herufi mpaka karibu na kiwiko, unabadilishana na mtu usiyemjua, unarudi nyumbani na mkono mwingine kabisa. Wapo wanaouita utoto. Mimi naona ndicho kitu pekee pale uwanjani ambacho hakiuzwi.

Alhamisi usiku nilikaa sakafuni na mabakuli yangu ya herufi, spika ikiimba kwa sauti ya chini. Uzi ni ule mwembamba wa mpira, unaonyumbulika. Besi alikuwa kajilaza pembeni, mara moja moja ananyoosha mkono kuugusa unavyorukaruka. Nikampiga picha, nikakutumia, ukaweka moyo. (Picha hiyo sijaifuta, ila siiangalii.) Nikainuka kupokea simu, dakika mbili tu, na niliporudi bangili moja haipo. Ilikuwa imeandikwa SIKOSI. Nikadhani imeingia chini ya kochi. Nikalala.

Nimefuga paka mwaka wa sita huu na jambo hili sikulijua: ulimi wa paka una vijimiba vinavyotazama nyuma, kuelekea kooni. Ndiyo ile mikwaruzo unayoihisi akikulamba. Uzi ukishanasa pale, njia ya kurudi ni ngumu. Anavyohangaika kuutema ndivyo anavyozidi kuupeleka ndani. Nilikuwa nikimlaumu kwa ulafi, kumbe ulimi wenyewe ndio unaomeza.

Ijumaa jioni alitapika. Paka kutapika si habari, nikafuta nikaendelea na mambo yangu. Akatapika tena, povu tupu. Usiku hakugusa chakula, akaenda kujificha kabatini nyuma ya viatu. Saa kumi alfajiri nilimmulika kwa tochi ya simu nikaona kama unywele wa njano umechungulia pembeni mwa mdomo. Haukuwa unywele. Nikaushika kwa vidole viwili nataka kuuvuta. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda alivyonitazama.

Daktari wa mifugo aliponieleza nilichokaribia kufanya, miguu ilinilegea. Uzi ukinasa upande mmoja, chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, upande wa pili unaendelea kusukumwa na utumbo. Basi utumbo unajikusanya juu ya uzi, kama kiuno cha suruali kinavyojikusanya ukivuta kamba yake. Ukiuvuta wakati umekaza hivyo, unaweza kuukata utumbo kama msumeno, uchafu ukamwagika ndani, na mnyama akafa kwa maambukizi. Hata akiwa paka wa jirani, shosti, ukiona uzi unaning'inia, mdomoni au nyuma, usiuvute. Mkimbize kwa daktari.

Shanga za plastiki hazikuonekana vizuri kwenye eksirei, lakini utumbo uliojikunja ulionekana. Hata mimi nisiyejua kitu niliuona. Alipewa nusukaputi saa sita mchana. Saa tisa daktari akatoka kuniambia uzi umetoka wote, utumbo umefunguliwa sehemu mbili na kushonwa, na mgonjwa anapumua vizuri. Akanikabidhi kichupa chenye shanga nne.

Sasa hapa ndipo penye barua yenyewe.

Ilikuwa saa tisa mchana. Milango ya tamasha ingefunguliwa saa kumi na mbili. Daktari aliniambia niende nyumbani: atalala, atakuwa kwenye dripu mpaka kesho, kukaa kwangu pale hakumsaidii yeye wala wao. Kwa hiyo ningeweza kuja. Nilikuwa na saa tatu nzima, tiketi ipo, nguo zimepigwa pasi tangu juzi yake. Uliposoma "paka anaumwa" bila shaka ulinifikiria nimempakata mnyama anakata roho. Nilikuwa kwenye benchi nje ya kliniki, mikono mitupu, nachezea zile shanga nne. Nilizipanga kwenye ubao wa benchi. S, I, K, O.

Siko. Ndipo nikakuandikia.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu la kwanza nililojipa ni simu: kliniki wakipiga, nitasikiaje katikati ya uwanja? Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba kwenye kumbi na matamasha sauti isizidi wastani wa desibeli 100, na hiyo 100 yenyewe ni kelele ambayo mtu anakupigia ukelele sikioni na bado unamwuliza "nini?" Lakini hilo jibu ni la kutunga. Simu hutetema mfukoni. (Ingawa besi ikipiga kila kitu mfukoni hutetema, funguo, peremende, kila kitu.) Ukweli ni kwamba sikutaka kufurahi. Nilijiona nimevaa bangili thelathini na tisa, naruka, naimba, nimejipamba kwa kitu kilekile kilichomfungulisha tumbo. Nikajiadhibu. Na katika kujiadhibu nikakuadhibu na wewe, bila kukuuliza. Ulisimama getini na tiketi mbili, ukaingia peke yako kwenye jambo tulilolingojea miezi minane.

Radhi ninayokuomba si ya kukosa tamasha. Ni ya kukuacha ukadhani sikuwa na hiari.

Najua mdomo umeshakuwasha: yote haya kwa paka? Mtu wa ndege kutowapenda paka namwelewa, ni sawa na kuku kutompenda mwewe. Lakini wewe mwenyewe hutoki nyumbani kabla hujafunika tundu, hujamwambia kasuku saa utakayorudi, na hujamwachia redio apate mwenza. Na usinisahaulishe ile siku uliyochelewa kwenye miadi kwa sababu alikuwa anacheza na hukutaka kumkatiza. Tena hapo nilikutetea. Nilimtaja Snowball, yule kakatua wa Marekani: mwaka 2009 watafiti walionyesha anafuata mapigo kweli, wimbo ukiharakishwa naye huharakisha, na 2019 wakahesabu miondoko yake wakapata 14 tofauti, tena moja ya nyimbo mbili walizomchezeshea ni ya Queen. Kasuku wako kwa hesabu yangu ana mitatu, na mmoja ni kuuma watu.

Kwa kuwa nimewataja Queen: Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, aliyeweza kuuimbisha uwanja mzima kama kwaya ya darasa moja, waliomzunguka wamesimulia kwamba akiwa ziarani alipiga simu nyumbani ili azungumze na paka wake. Mtu wa upande wa pili alimshika paka karibu na simu. Na albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, ya mwaka 1985, aliitabaruku kwa paka wake Jerry na wenzake pamoja na wapenda paka wote, waliobaki akawaambia, kwa maneno makali kuliko haya yangu, washike hamsini zao. Siku za karibuni nimekuwa nikimfikiria huyu kuliko msanii wetu. Mimi nilikaa kimya siku ile. Yeye angepiga simu kliniki, kisha angepanda jukwaani.

Besi alirudi nyumbani siku ya tatu, amevalishwa kola pana kama faneli ili asilambe mshono, anagonga kila mlango anaopita. Nyumba ikawa kimya. Spika niliiondoa chumbani mwake, maana nilisoma mambo yakanitia haya: masikio yetu hukomea kwenye sauti nyembamba za kama kilohezi 20, ya paka yanafika 64 hivi. Miaka sita hiyo nilikuwa nikimfungulia muziki mkubwa nikidhani tunaburudika sote, kumbe akiondoka chumbani alikuwa ananipa maoni yake.

Usicheke, lakini nilimtafutia muziki wake. Yupo mwanamuziki wa Marekani, David Teie, aliyetunga muziki wa paka hasa, wenye mapigo kama ya kunyonya na ya mngurumo, na utafiti alioshiriki uliochapishwa 2015 ulionyesha paka wanausogelea huo kuliko wa kwetu. (Mbwa nao walishatendewa: Laurie Anderson aliwafanyia tamasha lao Sydney mwaka 2010, nje ya Opera House, akawapigia na sauti za juu tusizozisikia sisi.) Nikamfungulia. Besi akaja na faneli lake, akajaribu kuisugua spika kwa shavu, akashindwa kwa sababu ya kola, akalala palepale. Mimi nilivumilia dakika nne. Ni kama kinanda kinachoota ndoto ndani ya kinu. Tukafikia mwafaka: asubuhi wake, usiku wangu, kwa hedifoni.

Unakumbuka kwa nini nilimwita Besi? Kwa sababu akinguruma huisikii masikioni, unaihisi mbavuni. Tangu operesheni hakunguruma hata mara moja. Anakula, ananifuata, lakini kimya. Nikajiambia labda ndivyo atakavyokuwa. Usiku wa nane nilikuwa nimejilaza nasikiliza video zako, ile ya mwanzo kabisa, taa zinazimwa, watu wanapiga kelele, na kabla hata msanii hajaonekana ile sauti nzito ya kwanza inapiga. Unaijua, ile inayoingia kwa kifua. Nikaihisi kifuani kabisa. Nikashangaa, hedifoni hizi si za kutikisa mtu kiasi hicho. Nikazivua. Sauti ikaendelea. Alikuwa amepanda bila mimi kujua, kola na yote, amelala juu yangu.

Nililia, ndiyo. Sitaki kulijadili.

Video zako nimezimaliza zote. Unaimba ubeti wa pili vibaya kama kawaida yako, tena kwa kujiamini. Nataka uniandikie yale ambayo simu haikuyapata: alifungua na wimbo gani, kama ni kweli alirudi jukwaani mara mbili, na yule dada wa mbele yenu aliyekuwa analia alikuwa analia nini. Na kuna jambo moja. Kwenye video ya mwisho simu yako inageuka kidogo, na kiti changu kinaonekana. Juu yake limekaa koti lako la jinzi, limeegemezwa wima, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Nimeirudia mara nyingi nihakikishe. Nani aliyelifunga vile?

Siku hizi nashonea mezani, mlango umefungwa, na uzi unakaa kwenye kopo lenye kifuniko. Juzi nilisogeza kochi kufagia nikazikuta S na I zilizopotea. Nimezitunga pamoja na zile nne za kichupa, kwenye uzi mpya, na nimekuwekea ndani ya bahasha hii. Usiogope kuivaa. Nimezichemsha mara tatu.

Ni mimi, wako yuleyule.