Wazazi vijana wa kota, mwacheni mtoto wa jirani mumwangalie wa kwenu

Wanangu, nyinyi mabinti na vijana mnaolea hapa kota zetu za Jinja, na nyinyi mliopanga huko Walukuba na Bugembe,

Nawasalimu sana, na watoto wote pia. Naandika juu kuna jambo linawachosha nyinyi na linawaumiza watoto, nalo ni hii tabia ya kumpima mtoto kwa mtoto wa jirani. Mkikutana bombani, mkiwa foleni ya chanjo, mkianika nguo, swali ni lile lile, wako ana miezi mingapi, ati bado hajasimama? wangu na miezi tisa alikuwa anatembea, wangu anahesabu mpaka kumi, wangu hakojoi kitandani. Aliyeulizwa anacheka kidogo, anabeba jerikeni yake anaenda zake, halafu jioni unamkuta kwenye veranda amemshika mtoto mikono yote miwili anamburuza atembee kwa nguvu mpaka mtoto analia, na baba akirudi kutoka zamu anauliza kwani huyu ana shida gani.

Nimekuwa nesi wa kliniki ya watoto mpaka nikastaafu, nimewapima watoto wa Wasoga, Waganda, Wateso, Walugbara, Waacholi, wa Wanubi, wote. Kwa hiyo nawaambia kitu ninachokijua.

Kutembea kwanza, na hapa sitakaa sana. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 2006. Wakakuta mtoto mzima kabisa anaweza kutembea peke yake akiwa na miezi minane na kidogo, na mwingine mzima vile vile akatembea anakaribia miezi 18. Karibu miezi kumi katikati yao, na wote wazima! Kuna hata watoto, kama wanne kwa kila mia, hawakutambaa kwa magoti kabisa, walijiburuza kwa makalio au walisimama tu wakaenda. Sasa wewe mwenye wa miezi kumi na tatu anayeshikilia kiti, unalilia nini? Na mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, mnampunguzia zile wiki alizokosa tumboni ndo mhesabu umri wake, mnafanya hivyo mpaka afike miaka miwili. Aliyezaliwa miezi miwili mapema na leo ana mwaka mmoja, huyo mhesabu kama wa miezi kumi.

Na zile woka za magurudumu mnazonunua mjini ili mtoto awahi, tafadhali ziacheni. Hazifundishi kutembea, zinampeleka mtoto haraka mahali ambapo miguu yake isingemfikisha, yaani kwenye ngazi na kwenye sigiri yenye chungu cha maharage. Canada walizipiga marufuku tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuumia. Weka mkeka chini, mtoto acheze peku.

Sasa kuongea, na hapa ndo naona machozi mengi.

Sisi watu wa kota hatulei mtoto kwa lugha moja. Baba Mteso, mama Mlugbara, dada wa kazi Msoga, majirani wote Kiswahili, na nasari anasubiriwa na Kiingereza. Halafu mnakaa mnamlinganisha huyo na mtoto wa nyumba ya lugha moja. Mtoto mmoja hapa jirani akitaka maji anamwambia baba yake akipi, akigeuka kwa dada anasema maadhi, na mama yake anakuja kwangu analia ati mtoto ana maneno machache. Mama anayahesabu ya Kiswahili peke yake! Hesabu yote, ya kila lugha, hata yale ambayo hayajanyooka, hata kama anasema "ta" kwa taa kila siku hilo ni neno. Ukiyaweka pamoja utashangaa. Na akichanganya lugha mbili kwenye sentensi moja hajachanganyikiwa, anachukua neno lililo karibu, kama fundi anayeokota nyundo iliyo karibu na mkono.

Kuna kingine kinaniuma. Mama anasikia mtoto wa jirani anasema gudi moning na kutaja rangi kwa Kiingereza, basi anarudi nyumbani anafunga lugha yake, anaanza kumwongelesha mtoto Kiingereza ambacho yeye mwenyewe anakitafuta tafuta. Matokeo yake nini, anaongea kidogo. Anasema kamu hia, sidauni, basi, kimya. Hadithi hamna, utani hamna, kumwimbia hamna, juu maneno hayatoshi. Mtoto hujifunza kuongea kwa kuongeleshwa sana na kujibiwa, kwa hiyo mwongeleshe lugha ile ambayo unaweza kumgombeza, kumchekesha na kumbembeleza bila kufikiria. Ukimenya matoke mwambie hili ganda, hili ndizi, hiki kisu usiguse, lete sinia. Akisema "baa" kwa bata mjibu, eeh bata, bata anaenda wapi? Kiingereza atakikuta nasari na hakitamkimbia.

Na simu haiongeleshi mtoto. Anaweza kuimba herufi zote za kwenye video na asijue kuomba maji. Shirika hilo hilo la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, chini ya miaka miwili wanashauri asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na kuanzia miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Najua kuna siku una nguo za kufua na mtoto ananing'inia kwenye gauni, sikulaumu. Lakini isiwe ndo mlezi wake kutwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hili ndo lililonifanya niandike. Kulinganisha kunaharibu pande mbili. Upande mmoja mnajua, kunamtia mama wasiwasi wa bure. Upande wa pili ni mbaya zaidi: kunampa faraja ya bure. Mtoto ana miaka miwili hana neno hata moja, mama anaanza kuogopa, na kweli anapaswa kuulizia, lakini majirani wanamwambia tulia, wa fulani naye alichelewa na sasa anaongea kama redio, baba yake pia alichelewa, wavulana ndivyo walivyo. Anatulia. Mwaka unapita. Kumbe mtoto hasikii.

Masikio, wanangu. Kabla hujasema mtoto mvivu, mjeuri, hajali, au amefungwa ulimi, pima masikio. Nyumbani unaweza kuanza hivi: zima redio na televisheni, mwache mtoto acheze chini ametulia, mtu mmoja akae mbele yake bila kufanya kitu. Wewe simama nyuma yake hatua mbili tatu, asikuone, kivuli chako kisimpite, umwite jina kwa sauti ya kawaida, halafu ya chini. Subiri. Kisha kunja karatasi taratibu upande wa kulia, halafu kushoto. Usibamize mlango wala usikanyage sakafu kwa nguvu, juu mtoto asiyesikia atahisi mtikisiko atageuka na nyote mtapiga makofi mkidhani anasikia. Rudia siku nyingine. Kama hageuki, hiyo si tabia, mpelekeni. Na hata akigeuka, kama maneno hayaji bado mpelekeni, maana kipimo cha nyumbani hakigundui yule anayesikia nusu nusu.

Mwangalieni kwa makini zaidi mtoto aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au malaria kali iliyopanda kichwani, au manjano makali alipozaliwa, au aliyechomwa dawa kali kama jentamaisini akiwa mchanga. Dawa zile zinaokoa maisha, sisemi mzikatae, nasema mkitoka wodini masikio yafuatiliwe. Na usaha. Usaha wa masikioni tumeuzoea mno, mtoto ananuka sikio wiki nzima mtu anamwekea pamba na mafuta ya taa au maji ya majani. Hapana! Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linapunguza usikivu, na linatibika.

Mambo ya kukata ulimi na kung'oa ebinyo pia yaachwe. Ulimi uliofungwa unaweza kusumbua kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini haumfanyi mtoto akose maneno kabisa, na kama kuna la kukata atakata daktari. Ebinyo si ugonjwa, ni meno yake mwenyewe ambayo bado hayajatoka, mnayachimba kwa spoku ya baiskeli na mtoto anatoka damu anapata maambukizi.

Basi muda wa kutulia ni upi na wa kwenda ni upi? Nenda kama mtoto ana mwaka mmoja hageuki ukimwita, haonyeshi kwa kidole wala hapungi mkono. Nenda akifika miezi 18 hatembei au hana neno. Nenda akiwa na miaka miwili haungi maneno mawili, kama "mama njoo" au "maji bado". Nenda kama kabla ya mwaka anatumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja, au ni mgumu kama ubao, au analegea ukimbeba. Na kama alikuwa na maneno yakapotea, alikuwa anacheka na wewe akaacha, huyo usimngoje hata wiki, umri wowote. Kwenda si kusema mtoto ni mbovu. Mara nyingi utarudi umeambiwa yuko sawa, na hiyo nauli ya boda haijapotea.

Tabia sasa. Wa miaka miwili kujitupa chini sokoni, kung'ata, kukataa kugawa mwanasesere, kusema hapana kwa kila kitu, hayo ni ya umri wake, hajarogwa, hajalelewa vibaya, na yule wa jirani anayekaa kimya siku nzima hajakushinda. Kukojoa kitandani kabla ya miaka mitano hakuhesabiwi ugonjwa, kwa hiyo godoro kuanikwa mbele ya watu ili aone aibu, hiyo mtaiacha, nimewaona na sikupenda.

Na yule anayemng'ang'ania mama mnamwita kadekezwa. Mwaka 1954 alikuja hapa Uganda mtafiti mmoja mwanamke, Mary Ainsworth, akawa anawatembelea akina mama 26 majumbani mwao, vijiji vya karibu na Kampala. Alichotazama hakikuwa nani ametembea kwanza. Alitazama mtoto anavyomwacha mama, anaenda kuchunguza kitu, anageuka kuona kama mama yupo, anarudi kumgusa, anaenda tena. Mtoto mwenye uhakika na mama yake ndo huyo anayethubutu kwenda mbali. Leo hayo wanayafundisha dunia nzima na yalianzia kwa akina mama wa hapa kwetu. Kwa hiyo akikukimbilia mgeni akiingia, mpokee, usimsukume ati akawasalimie wageni kama wa fulani.

Nyinyi akina baba, na mama wakwe mnaosikia hii barua ikisomwa, mkiona mtoto amechelewa msianze kuuliza ni ukoo wa nani. Nimeona binti amerudishwa kwao na mtoto wake kwa maneno ya laana, na mtoto alikuwa na masikio yamejaa usaha. Baba, chukua ruhusa siku moja, mbebe mtoto wewe mwenyewe mpaka kituo cha afya. Manesi wanasikiliza haraka zaidi wakiona mmekuja wawili, sisemi ni haki, lakini ndivyo ilivyo.

La mwisho ni kadi ya mtoto. Kila mtu hapa anaijaza vizuri mpaka chanjo ya surua ya miezi tisa, halafu inawekwa chini ya godoro, na hakuna mhudumu anayemwona tena mtoto mpaka augue au aanze nasari. Hapo katikati ndo kuongea kunajengeka na hapo ndo tunawapoteza. Siku hizi kuna safari ya miezi 18, dozi ya pili ya surua na rubela, na pia dozi ya nne ya chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2025, zile tatu za kwanza ni miezi sita, saba na minane. Nendeni hiyo siku hata kama mtoto anarukaruka ana afya. Ukishachanjiwa usiondoke, mwambie nesi huyu anasema maneno haya na haya, hatembei au anatembea, ukimwita anageuka au hageuki. Akikwambia tu atakua, na wewe moyo wako haujatulia, omba rufaa ya kupima masikio, mpaka hospitali kuu ya Mulago kule Kampala ikibidi, wewe ndo unayelala na huyo mtoto.

Wenye watoto wa masikio ya usaha nawajua na nyinyi mnajijua. Msingoje likizo, msingoje mshahara wa mwisho wa mwezi, kituo cha serikali hakitozi kumwona mtoto. Jumatatu asubuhi, saa mbili, niko tayari kuwasindikiza, anayeogopa kwenda peke yake aje anigongee, na kadi aibebe.

Bibi yenu, nesi mstaafu,
Jinja