Nimefuta namba ya treni ya mjomba, nimwambie au niigonge upya kimya kimya?

Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana hili jambo sasa lina wiki ya tatu linaninyima raha na siku zinakwenda.

Mimi nafufua treni za kuchezea za zamani na kuziendesha. Aliyeniingiza huku ni mjomba wangu, kaka yake mama, na yeye alipewa treni yake akiwa mtoto, ni ya kampuni ya Lionel ya Marekani, saizi ya O, ya miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni zile za reli tatu, ya katikati inaleta umeme na mbili za pembeni zinaurudisha, upana kati ya hizo za pembeni kama milimita 32 hivi. Sasa mjomba ana miaka zaidi ya 80, macho yamepungua na mikono inatetemeka, mwaka jana akaniita akanikabidhi boksi zima, kichwa, mabehewa, reli na transfoma, akasema "mpwa wangu, sitaki ikae kabatini, itembee". Basi, hakuongeza neno.

Ilikuwa haijaguswa miaka mingi. Nilianza na transfoma kwa sababu hapo ndipo watu wanajiumiza, wanachomeka ukutani waone kama inawaka wakati mpira wa waya umeshakauka, ukiukunja kidogo unamomonyoka mkononi. Nikabadilisha waya kwanza. Halafu mota, grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi nikaitoa yote, ile sehemu ya shaba inayozunguka ambayo kaboni zinasugua juu yake ilikuwa nyeusi tii, nikaipangusa na spiriti na zile nafasi nyembamba katikati nikazichokonoa na kijiti cha meno mpaka shaba ikarudi rangi yake. Oili tone moja kila ekseli, ukizidisha inarukia kwenye reli na magurudumu yanateleza. Reli nikasafisha kwa kitambaa, msije mkatumia zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria jamani, vumbi lake linavutwa na sumaku linaingia kwenye mota na kuleta shoti.

Kilichonila muda ni kile kidude cha kubadilisha mwelekeo, wenyewe wanakiita i-yuniti. Kimejificha ndani ya boila, kuna sumaku ya umeme inayovuta kijiti, kijiti kinazungusha kapipa kadogo, na juu ya kapipa kuna vidole vya shaba vyembamba vinavyogusa, kila ukikata umeme na kuurudisha kapipa kanasogea hatua moja, mbele, simama, nyuma, simama. Cha mjomba kidole kimoja kilikuwa kimekatika. Nilikaa nacho jioni nne.

Siku treni ilipoondoka nilimpigia mjomba nikaweka simu chini karibu na reli. Kile kidude kikanguruma kama nyuki kwenye kopo, magurudumu yakashika, nikabonyeza firimbi, ile iliyoko kwenye behewa la makaa. Mjomba alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akasema "hiyo ndiyo yenyewe".

Sasa kosa langu. Siku mbili baadaye nilikuwa nafuta vumbi kwenye kibanda cha dereva, pamba niliyokuwa nayo ilikuwa bado ina spiriti ya kusafishia reli, nikapitisha mara mbili chini ya dirisha la kushoto. Pamba ikatoka na weupe. Nikageuza kichwa cha treni kwenye taa, namba ya tarakimu nne, mbili za mwanzo hazipo na ya tatu kimebaki kimkia. Namba zile hazikuchorwa kwenye chuma, ziligongwa juu ya rangi kwa muhuri wa mpira kiwandani na wino wake hauvumilii spiriti. Na mjomba amenifundisha mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, chochote unachotaka kupaka kijaribu kwanza chini ya tumbo pasipoonekana. Nilijua na sikufanya. Hilo ndilo linaloniuma.

Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuiona ikitembea. Hajui kitu.

Rafiki yangu mmoja tunayeshiriki naye hobi hii anasema hakuna kesi hapo, mihuri ya namba za Lionel inatengenezwa upya, nagonga, nasubiri ikauke, yamekwisha, mzee haoni vizuri atajuaje. Mke wangu anasema nikigonga bila kumwambia nitakuwa nimemdanganya mtu aliyeniamini na kitu cha utoto wake. Mimi mwenyewe niko katikati. Kwa wakusanyaji rangi ya asili hata ikichubuka inaheshimiwa kuliko rangi mpya, na ukirudishia kitu unatakiwa useme umerudishia, hiyo sheria naikubali kabisa. Lakini mimi siiuzi, na sitaki mzee wangu akae kwenye kiti akiangalia ubavu mtupu.

Niseme na hili maana nimekuja kuomba msaada siyo kujificha. Juzi nilijikuta nimeshaipanga reli upya ili treni izunguke kinyume cha saa, maana ikienda hivyo anayekaa nje ya mduara anauona ubavu wa kulia inapopita karibu yake, ule wa kushoto anauona ikiwa ng'ambo tu, kwa mbali. Nikaiangalia inazunguka hivyo kama dakika kumi, nikazima umeme. Halafu mjomba namjua, kabla ya kuiendesha lazima aishike kwanza, aigeuze huku na huku.

Kwa hiyo naomba mnisaidie mambo mawili. Waliowahi kugonga namba upya kwa muhuri, je wino mpya unafanana na ule wa upande wa pili uliozeeka, au unang'aa mpaka unajitangaza, na hicho kimkia cha tarakimu ya tatu nikifute au nigonge juu yake? La pili na ndilo kubwa, nimpigie mjomba sasa hivi nimwambie ajiandae, au nisubiri afike aishike mwenyewe nimweleze nikiwa nimekaa pembeni yake? Na kama nikimwambia, nimwachie yeye aamue igongwe au ibaki hivyo hivyo? Simu nimeshaishika mara mbili leo nikairudisha mezani.