Barua ya Wazi kwa Gavana wa Nairobi: Waite Wasomi Wakae Meza Moja

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mkazi wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben na mhamasishaji wa afya ya jamii, kazi inayonipitisha mlango kwa mlango. Watafiti wa vyuo vikuu wakiingia mtaani, mara nyingi huanzia kwangu. Wa afya ya umma huuliza ni watoto wangapi wameharisha. Wa uhandisi huja mwezi mwingine kupima mtaro ulio mbele ya mlango uleule. Wa sheria hutaka kujua ploti ni ya nani, na wa uchumi huuliza mtungi wa maji unauzwa shilingi ngapi. Hawajuani. Mama aliyewajibu wote wanne anajua jambo ambalo hakuna hata mmoja wao atakayeliandika lote: mtoto anaharisha kwa sababu paipu ya maji imelazwa ndani ya mtaro wa maji taka, na imelazwa humo kwa sababu mwenye ploti hataki ipite kwingine.

Ombi langu ni kwamba kaunti iwaite wasomi hawa kwa pamoja, iwape swali lake yenyewe, kisha iwajibu hadharani.

Si jambo geni hapa. Agosti 2017 kaunti hii ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, yaani mtaa wa kutengenezewa mpango wake wenyewe: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kaya zipatazo 100,000. Mashirika zaidi ya 40 yalijigawa katika makundi ya kazi. Humo walikuwamo Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, wakiwa bega kwa bega na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda. Tayari utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba sisi maskini tunalipia maji na umeme ghali kuliko mitaa iliyopangwa. Wanasheria walikuwa wamefuatilia ardhi hii iligawiwa nani na kwa masharti gani. Ilipofika zamu ya barabara, upana unaotakiwa na vitabu ungebomoa nyumba nyingi mno, kwa hiyo wataalamu wa mipango miji waliketi na wahandisi na wakazi kutafuta upana tunaoweza kuishi nao. Hakuna kitivo ambacho kingefika hapo peke yake.

Halafu Oktoba 2021 matingatinga yakaingia Kwa Njenga kufungua barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Nalitaja hili si kufukua makaburi. Kwa maoni yangu, ujuzi wote ule ulikusanywa bila kuwekewa njia ya lazima ya kufika mezani kwa anayetoa amri. Wasomi walialikwa kuandaa mpango, wakaisha na mpango.

Kuna mfano mwingine wa Nairobi, na huu ulikwenda vizuri zaidi. Ulianza 2012: wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia kule Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi njia na vituo. Ramani ilitoka Januari 2014, ikiwa na njia zaidi ya 130, na data yake ikaachwa wazi kwa yeyote. Watu wa kompyuta, wa ramani na wa mipango miji walikuwa na swali moja. Pengine ndiyo maana walilimaliza.

Sasa nikurudishe kwenye mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Nchini walikufa zaidi ya watu 200, na mito ya Nairobi iliingia vyumbani Mathare na kwetu pia. Ikatoka amri kwamba walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Ukimuuliza mhandisi peke yake, mita 30 ni jibu safi kabisa. Mketishe karibu na mchumi, naye atauliza kwa nini anayepoteza ni mpangaji, ilhali landlodi alishachukua kodi ya mwezi. Muuguzi atauliza mgonjwa wa TB aliyehamishwa usiku atachukulia wapi dawa kesho. Mwanasheria ataomba aone ilani. Mtaalamu wa masuala ya jamii atakwambia watu watarudi maji yakikauka, kwa sababu kibarua chao kiko Industrial Area na hawana nauli ya kutoka mbali. Haya si mapingamizi ya kukuchelewesha, Mheshimiwa. Ukiyasikia kabla ya amri, amri yenyewe inabadilika.

Utaniambia vyuo vikuu viko chini ya serikali kuu. Ni kweli. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limekupa wewe zahanati, takataka, mipango miji, mitaro ya maji ya mvua na shule za chekechea. Wasomi si wako, ila maswali ni yako. Kuhusu pesa, sheria ya sayansi ya 2013 iliahidi hazina ya utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, na ahadi hiyo haijawahi kutimia. Hata hivyo tasnifu za uzamili zinaandikwa kila mwaka, nyingi kwa karo ya mfukoni mwa mwanafunzi, kisha zinalala maktabani. Vyuo navyo vina lawama yao: mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala aliyochapisha, si kwa mtaro uliozibuliwa kwa sababu yake.

Kalenda ipo tayari. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa mwaka kabla ya Septemba 1, na waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28. Basi ofisi yako itangaze maswali yake magumu pamoja na mpango wa Septemba. Kila swali lipewe vitivo visivyopungua vitatu, na hata vyuo viwili, ili wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi waonane na wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wafungulie rejista za zahanati, bila majina ya wagonjwa, pamoja na ramani za mitaro na vibali vya ujenzi. Majibu yafike Januari, na usipoyafuata, andika sababu tuzisome. Kukataa ni haki yako, mradi usikatae kimya kimya.

Na wakija mtaani waje siku moja, kisha waturudishie walichopata kwa Kiswahili, pale kwa chifu.

Ukikosa swali la kuanzia, chukua hili: kabla ya masika yajayo, wanaoishi kando ya mto Ngong unaopita hapa Mukuru wahamie wapi, kodi yao ya mwezi wa kwanza ailipe nani, na mtaro upi uzibuliwe kwanza?

Wako,
Mhamasishaji wa afya ya jamii,
Mukuru kwa Reuben, Nairobi