Skrini kubwa ukumbini nayo inahitaji mhariri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililoingia kwa kasi katika kumbi zetu hapa Mtwara, yaani skrini kubwa inayoonesha papo kwa papo picha na ujumbe ambao watu wanauweka mitandaoni kuhusu shughuli inayoendelea.

Sina ugomvi na skrini yenyewe. Katika harusi ya mpwa wangu, ndugu walioshindwa kusafiri kutoka Masasi na Newala waliandika salamu zao wakiambatisha alama ya reli (hashtag, yaani # na neno linaloifuata) iliyochapwa kwenye kadi ya mwaliko, na bibi harusi akazisoma akiwa ameketi jukwaani. Lakini mama wa bwana harusi alipoinuka kwenda kutunza, nyuma yake yalitokea maandishi yasemayo: "Nazi mbovu harabu ya nzima." Kina mama wote walijua nani anasemwa. Kijana wa mitambo hakuelewa kitu mpaka vigelegele vilipokatika, na tulipomuuliza akajibu kwamba programu yake huzuia matusi yenyewe.

Programu hizo hukusanya kila kilichoandikwa chini ya alama iliyochaguliwa na kukilinganisha na orodha ya maneno yaliyokatazwa. Hata orodha hiyo ikiandaliwa kwa Kiswahili, maneno yetu hubadilika kwa viambishi, hivyo ukizuia "mjinga" atapenya "kajinga" au "majinga". Na mtu wa pwani, tunajuana, akikusudia kukuumiza hatumii tusi bali fumbo, ambalo kwa mashine ni habari ya nazi tu. Kimakonde na Kimwera sivitaji.

Isitoshe, alama ya reli, ambayo Mmarekani Chris Messina alipendekeza itumike Twitter mwezi Agosti 2007, haina mwenyewe: yeyote, popote alipo, anaweza kuitumia bila kualikwa. Na skrini huchochea watu kuandika. Machi mwaka huohuo Twitter iliweka skrini kubwa kwenye korido za tamasha la South by Southwest mjini Austin, Marekani, na ujumbe ukapanda kutoka takriban 20,000 hadi 60,000 kwa siku. Mtu akijua maneno yake yatasomwa na ukumbi mzima, huyaandikia ukumbi.

Kwa hiyo, ujumbe usipande ukutani kabla ya mtu kuusoma. Programu nyingi za aina hii zina sehemu ya kuushikilia mpaka uidhinishwe, na salamu ikichelewa dakika mbili haipungui utamu. Wewe mwenyewe, Mhariri, hutachapa barua hii kabla ya kuisoma. Vilevile wageni watangaziwe mlangoni kwamba watakachoweka chini ya alama ile kitaoneshwa, na picha za watoto ziachwe kando mpaka mzazi aridhie, kwa kuwa tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na sura ya mtu haigeuki mapambo ya ukumbi kwa sababu tu iko mtandaoni.

Ukoo wetu una harusi nyingine baada ya msimu wa korosho. Tumekubaliana kwamba dada yangu mkubwa, ambaye hakuna fumbo la kanga lililowahi kumpita, ataketi kando ya kijana wa mitambo tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna kitakachopanda ukutani pasipo yeye kuitikia.

Mkazi wa Shangani,
Mtwara