Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam: kifusi nacho kiombewe kibali

Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, habari za kazi. Mimi ni fundi mwashi. Siku hizi Kariakoo hujengi bila kuvunja kwanza, kwa hiyo nusu ya kazi yangu imekuwa kubomoa.

Nianze kwa kukiri. Miaka michache iliyopita tulivunja nyumba ya vyumba sita, chooni ina vigae vya bluu. Nikamlipa mwenye lori apeleke kifusi dampo la Pugu Kinyamwezi. Wiki ya pili yake nakatiza bonde la Msimbazi, navikuta vigae vyangu vya bluu vimelala ukingoni mwa mto. Pugu ni mbali, dizeli ni ghali, bonde liko njiani. Nilinyamaza, na hilo ni kosa langu.

Ombi langu ni hili: anayeomba kibali cha kubomoa aeleze pia kifusi chake kitatenganishwaje na kitakwenda wapi. Aweke dhamana, arudishiwe akileta risiti ya mzani. Na ili risiti hiyo ipatikane, jiji litenge kiwanja karibu na mjini chenye mzani na mashine ya kusaga zege liwe kokoto.

Pita saiti yoyote inayovunjwa. Nondo haibaki hata kipande: vijana wanaigonga nyundo mpaka zege linadondoka, wanainyoosha juu ya jiwe, jioni iko kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Grili, mabati, mbao za kenchi, vyote vina mteja. Hakuna semina ya mazingira waliyopewa; ni bei tu. Zege na tofali vinakosa bei kwa sababu vinazolewa pamoja na udongo na nailoni. Wakati huohuo kokoto zinatoka Lugoba, zaidi ya kilomita 100, zikipishana barabarani na lori linalokwenda kutupa mawe ya aina ileile.

Sitaki uuziwe mbuzi kwenye gunia. Watakuja watu kukwambia kwamba kusaga zege kunamaliza hewa ukaa. Hakumalizi. Hewa ukaa ya zege iko kwenye saruji: mawe ya chokaa huchomwa mpaka nyuzi joto 1,450 hivi, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hutoka ndani ya jiwe lenyewe, si kwenye kuni wala makaa. Saruji peke yake inabeba kama asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa inayotokana na binadamu duniani. Ukisaga zege kuukuu unaokoa kokoto na safari. Saruji iliyokwisha kuganda hairudi. Tena kokoto zilizosagwa kutoka kwenye zege kuukuu zinanyonya maji, na fundi asiyezijua ataongeza saruji ili zege lishike. Hapo faida imeliwa.

Kwa hiyo zisipelekwe kwenye nguzo za ghorofa. Mji uliofukua watu chini ya jengo lililoporomoka Novemba 2024 hauna haja ya majaribio. Zifyatue tofali, zijaze chini ya jamvi la sakafu na barabara. Utafiti uliofanyika hapa nchini na kuchapishwa mwaka 2013 ulifyatua tofali za saruji na kifusi kilichosagwa, bila mchanga wala kokoto mpya. Asilimia 85 ya zilizopimwa zilifikia nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini cha tofali la kubeba uzito. Zilizobaki zilifeli, ndiyo maana nataka kipimo kiwe palepale kiwanjani.

Ila hewa ukaa hasa inaokolewa na tofali linalotoka zima, maana hilo halidai saruji ya kulifyatua upya. Nyumba za zamani zilizojengwa kwa chokaa, tofali zake unazibandua kwa panga. Lakini mwenye nyumba akibanwa na muda analeta kijiko, ile mashine ya kuchimbia, na saa nne asubuhi kila kitu ni unga. Kibali kitoe wiki mbili za kubandua kabla kijiko hakijaingia.

Ukitaka kuona inavyofanyika, niite. Panga na nyundo nitakuja navyo mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mwashi, Buguruni